Kaskazini ya Uongo

Gari lilizama mbele, likalia kama bati linalokunjwa, kisha likanyamaza. Majivu ya volkano yaliyokuwa yameufunika ufa wa ardhi yakapanda juu yakaziba jua. Mtaalamu wa mitetemo alitokea dirishani akikohoa, na kitu cha kwanza alichokiona ni pipa la maji limepasuka, mchanga unayanywa yote bila haya. Cha pili kilikuwa mguu wa wifi yake.

"Usiuangalie hivyo," alisema wifi, bado yuko kwenye usukani. "Ni mguu tu. Ninao mwingine."

Wifi huyu, dada wa mumewe, ndiye dereva wa mradi, na mdomo anao, we acha tu! Siku ya harusi alitangaza mbele ya wageni kwamba familia ilitegemea mke anayesikiliza wakubwa, ikaletewa anayesikiliza mawe. Bibi harusi akacheka hadi machozi, na tangu hapo hawaachani. Mgeni akiwasikia hudhani wanagombana.

Sasa mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na damu inachuruzika. Mtaalamu alimtoa, akamburuta hadi kivulini mwa gari, akaufunga mguu kwa vipande viwili vya ubao na mkanda wake mwenyewe. Wifi alimtukana kwa kila fundo. Redio ilikuwa imepondeka. Wenzao wa kambini wangekuja kuwatafuta, hilo hakika, lakini si kabla ya kesho kutwa. Kwa jua lile na damu ile, wifi asingefika huko kwa nusu chupa ya maji.

"Kunywa."

"Kunywa wewe utakayetembea."

"Wifi, kunywa, usiniudhi."

Kituo chao cha kupimia kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, chini ya kilima: shimo fupi, kipima-mitetemo ndani yake, na kando yake sanduku la chuma la betri. Kazi yenyewe haina uchawi. Tetemeko dogo likitokea chini, hurusha wimbi linaloutikisa mwamba kiubavu. Likikuta nyufa zilizojipanga upande mmoja, hugawanyika: wimbi linalotikisika sambamba na nyufa hutangulia, linalozikata huchelewa. Ukijua lililotangulia lilitikisika upande gani, umejua nyufa zinaelekea wapi na ardhi inabanwa vipi. Vituo vingine vyote vilisema nyufa zinaelekea kaskazini. Hiki kimoja kilisema kaskazini-mashariki, na mtaalamu alikidekeza kama kitinda mimba. Alishaandika kwamba hapa mbano wa ardhi umepinda, na alikuwa amealikwa mkutano mkubwa kulieleza jambo hilo.

"Mvua ya kilimani hufuata nyufa," alimwambia wifi. "Kule mbele korongo linazikata, na zinapokatwa maji huvuja ukutani. Nakwenda kaskazini-mashariki."

"Una hakika?"

"Mwaka mzima naisema."

"Ukirudi mikono mitupu nakushtaki kwa kaka."

Nguvu zilitosha safari moja tu. Korongo lilikizunguka kilima upande wote huo. Akishuka pasipo na maji, hapandi tena, na wifi ndiyo basi.

Alipita kituoni kuchukua dumu tupu walilokuwa wameliacha huko. Akaiweka dira chini, ikiegemea sanduku, ili afunge kamba za viatu. Alipoitazama, sindano ilikuwa imevutwa upande wa magharibi. Akaisogeza mbali, ikarudi. Akaisogeza tena karibu na sanduku, ikavutwa tena.

"Ebo!"

Siku ya kukifunga kituo yeye mwenyewe alichuchumaa papa hapa, dira kando ya chuma hiki, akaugeuza mshale wa kipima uelekee kaskazini. Sasa alisimama mbali akaupima upya. Ulielekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo kile ambacho kipima kilikiita kaskazini-mashariki kilikuwa kaskazini halisi. Ardhi haikupinda popote. Nyufa za hapa zilikwenda kaskazini kama za kwingine kote.

Roho ilimuuma, tusifichane. Kwa kitambo alitamani dira iwe mbovu leo na nzima siku ile. Kisha wifi akaguna kule kivulini, akajaribu kuficha mguno kwa kukohoa. Mtaalamu akainua dumu akashika njia ya kaskazini.

Majivu yalimmeza miguu hadi vifundoni. Ulimi ukamganda. Korongoni alishuka kwa makalio, miamba ikimchuna viganja, na chini hakuona ila mawe makavu. Akapapasa ukuta, jiwe kwa jiwe, akimwita Mungu kwa sauti. Mkono ukagusa ubaridi. Kwenye ufa mwembamba, maji yalikuwa yakitoka tone kwa tone, bila haraka yoyote. Alikinga dumu akalia hapohapo.

Aliporudi, wifi alikuwa na midomo ya kijivu na macho yaliyofumba. Alimnywesha kwa kifuniko, kidogo kidogo, akimsuta kila alipokawia kumeza. Kesho yake alichoma tairi la akiba tangu asubuhi, na moshi ule ndio uliowaongoza watu wa kambini kabla ya siku waliyotarajia.

Wakimbeba kwenye machela, wifi alimshika mkono. "Na ule mpindo wako?"

"Haukuwahi kuwepo. Ni mimi na sanduku la betri."

"Masikini! Mkutanoni utawaambia nini?"

"Kwamba nilikosea," mtaalamu akasema, "na kwamba wifi yangu yuko hai."

Wifi akafungua mdomo amtanie, machozi yakamwahi.