Picha Isiyosafishwa

Haya yalimpata Papa Wilfried, rafiki yetu wa parokia hapa Kalemie. Miaka yote yeye alipiga picha, na mke wake Laure alisafisha filamu katika chumba cha giza. Laure alipofariki, hatukupata picha yake hata moja ya kuweka juu ya jeneza.

Binti yao Rachelle akamletea kamera ya dijitali.

"Papa, hii haina filamu. Piga, angalia hapa nyuma. Njo hiyo picha, iko tayari."

"Bila kungoja?"

"Bila kungoja. Na uache kuzungusha kama ya filamu, Papa, hakuna kitu ya kuzungusha!"

Jumapili aliwapiga picha watoto wa ubatizo. Aliporudi, mazoea yakamwingiza katika chumba cha giza. Akafunga mlango, akanyoosha kamera mbele kama alivyokuwa akimpa Laure filamu. Ndipo akakumbuka. Akalia, akaanza Salamu Maria. Gizani akasikia maji yakitikiswa polepole ndani ya beseni la kusafishia filamu, kisha kamera ikapiga picha yenyewe, kacha.

Akafungua mlango. Beseni lilikuwa kavu, limejaa vumbi. Nyuma ya kamera, baada ya picha za watoto wa ubatizo, ilionekana mikono miwili ya mwanamke, imelowa hadi viwikoni, imenyooshwa kupokea.