Nani Anakanyaga Cherehani?

Kila asubuhi cherehani ya Fundi ilianza kulia kabla chai haijapoa. Fundi alizungusha kitambaa chini ya sindano. Mumewe, mlinzi wa ghala, alikaa kwenye kigoda chini ya meza, akisukuma pedali kwa mikono miwili.

"Polepole, baba watoto! Hii ni kola, si gunia."

"Samahani, bosi."

Mambo yalikuwa hivyo tangu lori lilipomgonga Fundi akivuka barabara. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilivunjika. Mfupa ukaunga vibaya, na mguu haukukunjika tena. Daktari alisema upasuaji wa pili ungesaidia. Walimshtaki mwenye lori, wakashinda, lakini fidia waliyopewa haikufika hata nusu ya upasuaji huo.

Siku hiyo mezani palikuwa na karatasi ya kampuni ya bima ya lile lori. Kama Fundi angetia sahihi, angelipwa fidia hiyo na madai yangefungwa.

"Tia sahihi tu tupumzike," mumewe alisema.

Fundi alishika kalamu. Hapo hapo jirani yao akaingia na sketi begani. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama, na mtaa mzima ulimwita Mama Faili.

"Hodi! Nimeleta sketi ipunguzwe. Jamani, shemeji, unatafuta nini huko chini?"

Mume alijigonga kichwa kwenye meza. "Kifungo."

"Kifungo gani!" Fundi alisema. "Ananisukumia pedali. Mwaka mzima sasa."

Mama Faili aliiona ile karatasi. "Weka kalamu chini! Ukisaini hii, rufaa umeifunga mwenyewe. Nipe nakala ya hukumu."

Alivaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Mume wa mdai amesema mkewe anashona kama zamani. Hivyo hajapoteza uwezo wa kufanya kazi.' Shemeji! Ulisema hivi?"

Mume aliinamisha kichwa. "Siku ile mwenzangu alikuwa kliniki, na walinzi wenzangu walikuja mahakamani kusikiliza. Ningesemaje kwamba mchana nakaa chini ya meza kama paka?"

Hasira zilimpanda Fundi. "Yaani umeuficha mguu wangu kwa sababu ya aibu yako?"

"Nisamehe, mke wangu. Nitasema kweli popote."

"Basi bado kuna njia," Mama Faili alisema. "Usiporidhika na fidia, unakata rufaa mahakama ya juu. Ila rufaa ina siku zake. Hukumu ilitolewa lini?"

Fundi alihesabu kwa vidole. "Wiki tatu zimepita."

"Kama nakumbuka vizuri, zimebaki siku tisa! Kesho tunakwenda masjala, kule wanakotunza mafaili, tuhakikishe. Mahakama ya juu haianzi kesi upya. Inasoma faili, iangalie hakimu alikosea wapi. Ripoti ya daktari imo, na hakimu hakuigusa kabisa. Hiyo ndiyo nguvu yetu. Maneno mapya ya shemeji yatabidi yaombewe ruhusa, kwa kiapo. Wanaweza kuyakataa."

"Na wakili tutamlipa nini?"

"Kuna ofisi ya msaada wa kisheria. Haitozi kitu."

Siku zile zilikuwa mbio tupu! Waliomba nakala za kumbukumbu za kesi. Wakili aliandika sababu za rufaa. Mume aliapa kwa maandishi. Siku ya saba, masjala, mhuri uligongwa kwenye rufaa yao, paa! Fundi akapiga kigelegele palepale dirishani, mpaka karani akacheka.

Rufaa iliposikilizwa, jaji alikipokea kiapo. Wakili alikisoma: "Mimi ndiye ninayesukuma pedali. Mke wangu hawezi." Nyuma, mlinzi mmoja alicheka, wenzake wakamkodolea macho. Mume hakuinama safari hii.

Jaji alisema hakimu alikosea kuiacha ripoti ya daktari. Aliongeza fidia, ikatosha upasuaji na kufidia kazi iliyopotea. Fundi alimkumbatia Mama Faili hadi miwani ikadondoka.

Miezi kadhaa baada ya upasuaji, Fundi aliketi kwenye cherehani. Mumewe akavuta kigoda chake.

"Leo kaa pembeni," Fundi alimwambia.

Aliweka mguu wa kulia kwenye pedali. Ikashuka nusu, ikarudi. Akakanyaga tena. Cherehani ikaanza kulia, kwanza kwa kusitasita, kisha mfululizo. Mumewe aliutazama ule mguu ukipanda na kushuka, machozi yakimtoka waziwazi.

"Polepole, bosi," alisema. "Hiyo ni kola, si gunia."