Mabano Yaliyopunguzwa

Mama Pacha hakupenda kitu cha ziada nyumbani mwake. Vijiko vilipangwa, viatu vya watoto vilitazama upande mmoja, na mume wake alimtania kwamba iko siku hata yeye mume atapunguzwa.

Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya utani. Alikuwa jikoni na kompyuta ya zahanati, ambako yeye ndiye mtunza takwimu. Gari la maziwa ya lishe lilisubiri neno lake: watoto wa mwaka mmoja wamekonda zaidi mtaa gani? Uzito wao wote ulikuwa humo, mtaa kwa mtaa, katika orodha iliyoitwa uzito. Lakini kila alipoomba wastani, programu ya takwimu iitwayo R ilimjibu NA, yaani hakuna jibu.

"Jana ilikubali!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Sasa gari liende wapi, wifi?"

Wifi yake, mchambuzi wa takwimu, alikuwa akimenya viazi. "Umegusa nini?"

"Nimesafisha tu. Aliyenitangulia kaandika mabano ya mraba mawili mawili. Nikajua kidole kimemteleza, nikapunguza."

Wifi alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Wewe na usafi wako! Hebu nipe chumvi."

Mama Pacha akampa kopo la chumvi. Wifi akalishika juu ya sufuria likiwa bado limefungwa. "Nilitumbukize hivi hivi?"

"Una wazimu? Fungua kwanza!"

"Haya, umejijibu. Orodha yako ni kabati, na kila mtaa ni kopo. Ukiandika uzito["bondeni"], unapewa kopo limefungwa. Huwezi kupata wastani wa kopo. Ukiandika uzito[["bondeni"]], unapewa kilichomo, namba zenyewe. Hata uzito$bondeni inafungua."

Mama Pacha akarudisha mabano. Akaandika amri ya wastani: mean(uzito[["bondeni"]]). Namba ikatokea! Akafanya vivyo hivyo kwa mlimani na sokoni. Namba ya bondeni ilikuwa ndogo kuliko zote.

"Dereva, nenda bondeni," alisema kwenye simu, kisha akashusha pumzi ndefu. Moyo ulimtulia.

Siku ya kupima watoto ilipofika tena, wastani wa bondeni ulikuwa umepanda. Alirudi nyumbani anaimba. Mume wake alikuta vijiko viwili ndani ya kopo la sukari.

"Kimoja nikipunguze?" alimchokoza.

"Kiache hapo hapo," Mama Pacha akasema. "Kwanza tuulize kazi yake."