Vitone vya Rangi kwenye Shingo ya Gitaa

Kila alasiri, akishasugua sufuria ya ugali wa mtama na kuwafungia mbuzi, Kebonye alikaa kwenye kizingiti cha jiko na gitaa la mjomba wake. Lilikuwa na nyuzi nne tu, kama magitaa mengi ya pale kijijini Letlhakeng, na mkono wake wa kushoto ulipita juu ya shingo ya gitaa, vidole vikining'inia kama vya mtu anayemkamata kuku mgongoni.

Mjomba Ntsimane alipokwenda kambi ya ng'ombe alimwachia kazi moja. "Usikimbilie nyimbo. Hesabu vyumba." Vyumba ni zile nafasi kati ya vyuma vidogo vinavyokatiza shingo ya gitaa. "Chagua sauti moja, iite nyumbani. Panda vyumba vinne, unamkuta dada. Panda vitatu tena, unamkuta kaka. Wapige watatu pamoja, wanaelewana. Popote utakapopaita nyumbani, hesabu ni hiyohiyo."

Kebonye alihesabu siku mbili, akachoka. Siku ya tatu alichukua rangi ya kucha ya dada yake, akaweka vitone vyekundu palepale alipokuwa akimwona Mjomba akibonyeza. Jioni ile wimbo ukatoka. Kuhesabu kwa nini tena?

Kila Jumapili Mjomba alipanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao, akapiga simu.

"Unahesabu, mpwa wangu?"

"Nahesabu, Mjomba. Nimefika chumba cha kumi na mbili!"

Na hakumung'unya hata neno. Mjomba akafurahi, akampigia Mma Sefako, mwalimu wa kwaya: mpwa wake yuko tayari, apige nyimbo zote tatu za Siku ya Uhuru mbele ya chifu. Kijiji kizima kikajua.

Jumatatu ya wiki ya sherehe, watoto walikusanyika darasani. Kebonye akapiga, wenzake wakaimba na kucheza. Mma Sefako akapiga makofi. "Nyamazeni! Wimbo umekaa chini mno, mnaunguruma kama jenereta. Gitaa hili limefungwa kwa sauti ya Ntsimane; yeye ana koo la fahali, nyinyi ni watoto."

Akachukua penseli, akailaza juu ya nyuzi kwenye chumba cha tatu, akaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. "Sasa nyuzi zinaanzia kwenye penseli. Haya, vilevile, ila juu kidogo."

Kebonye akabonyeza vitone vyake. Ikatoka kelele kama sahani za bati zinazoanguka. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Vitone vingine vilikuwa vimebaki nyuma ya penseli, havina kazi tena.

"Mwalimu," akasema Oteng, mcheza ngoma, "gitaa linaumwa tumbo."

Darasa likaangua kicheko. Mma Sefako akainama, akaona rangi. Hakucheka. "Mjomba wako aliniambia unahesabu."

Kebonye akatazama vidole vyake vya miguu.

"Ijumaa nitasikiliza tena. Ukiwa hivi, tutaimba na kanda ya redio."

Kebonye alikwangua rangi yote kwa wembe. Bila vitone, vidole havikujua pa kwenda. Jumanne alihesabu akapotea. Jumatano alihesabu akalia. Gitaa lilikuwa kama nyumba ya mtu mwingine gizani: kila akinyoosha mkono, anagonga ukuta.

Jumatano hiyohiyo Mjomba akarudi. Kebonye alimkuta langoni kabla hajashusha mzigo.

"Mjomba, sikuhesabu. Nilikudanganya."

Mjomba aliomba maji, akanywa yote. "Na mimi nimeshampa Mma Sefako neno langu. Basi tumekuwa waongo wawili."

"Piga wewe, Mjomba, tafadhali."

"Kwaya ya watoto? Na ndevu hizi nivae ngozi ya mbuzi ya wachezaji, nirukeruke na Oteng?"

Kebonye alitaka kucheka, machozi yakawahi. Mjomba akaketi, akaomba gitaa, akamshika kidole. "Uzi huu ni nyumbani. Uzi wa jirani umekazwa zaidi, sauti yake imeshapanda vyumba vinne, kwa hiyo dada yuko chumba kilekile. Uzi unaofuata umepanda vitano zaidi, nawe unataka vitatu. Ufanyeje?"

"Nirudi nyuma... viwili?"

"Rudi viwili. Kaka yuko hapo."

Alhamisi nzima alihesabu mpaka ncha za vidole zikavimba. Bado alikosea zaidi kuliko alivyopatia.

"Nitaweza, Mjomba?"

"Sijui," akasema Mjomba.

Ijumaa Mma Sefako aliifunga penseli chumba cha nne, makusudi. Kebonye akatafuta nyumbani, midomo ikihesabu. Mwanzo ukaja. Alipohamishia nyumbani chumba kingine, kelele zile zikarudi. Oteng akafungua kinywa.

"Nimekosea, Mwalimu," Kebonye akamwahi. "Nimerudi kimoja badala ya viwili. Naomba nianze tena."

"Anza."

Alipiga polepole mno, miguu ya wachezaji ikamngojea hewani. Lakini wale watatu walielewana hadi mwisho.

"Utapiga wimbo huu mmoja," akasema Mma Sefako. "Mbili zilizobaki ni za redio."

Siku ya Uhuru redio iliimba zile mbili bila kosa, na watu wakaendelea kupiga soga. Ilipozimwa, Kebonye akapiga wake, taratibu, akikosea mara moja. Chifu akageuza kiti amwone.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Kebonye alilibeba gitaa mgongoni. "Zilikuwa ziwe tatu," akasema.

"Zilikuwa ziwe tatu," akajibu Mjomba. "Lakini ile rangi ndiyo iliyojua nyimbo, wewe ulijua rangi tu. Mmoja umeupata kwa kuhesabu, na kwa kusema umekosea kabla hujaambiwa. Hizo mbili hukuzipoteza kwa vidole, mwanangu. Ulizipoteza Jumapili, kwenye simu."