Kabla ya Mechi ya Kumi

Odile Tousignant alikuwa ameshashika mfuko wa mwisho wa jibini bichi la vipande la asubuhi ile, pale soko la Jean-Talon mjini Montreal, ndipo mkono mwingine, mkubwa, wa kiume, ukatua juu ya wake.

"Samahani, dada. Nilikuwa nimeuona."

"Uliuona. Mimi nimeushika."

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, na siku kama hiyo sokoni hupiti bila kukanyagwa. Odile alivaa koti la sufu la rangi ya haradali, refu mpaka magotini, na buti nyekundu zilizomfanya aonekane ana safari muhimu hata akienda kununua vitunguu. Mwanamume mwenyewe alikuwa mrefu, pua imewahi kuvunjika na kuungwa vibaya, koti halina kifungo cha katikati. Mkono hakuuondoa.

"Unajuaje kama ni la leo?" akauliza.

"Unatafuna. Likilia kwenye meno, la leo. Likinyamaza, la jana."

"Na likilia kidogo tu?"

Odile akamgeukia vizuri. "Wewe ni polisi?"

"Hapana. Napenda kujua tu."

Mama muuza jibini akawatazama mmoja mmoja. "Jamani wapenzi, gawaneni hilo mnipishe. Foleni imefika kwenye maua."

"Sisi si wapenzi!" wakasema kwa pamoja.

"Basi gawaneni upesi kabla hamjawa."

Wakagawana. Wakalila wamesimama kando ya maboga, na jibini likalia kwenye meno yao mpaka wakaanza kucheka. Alijitambulisha kwa jina la Régis. Alifanya kazi na vijana wa hoki ya barafu, mchezo wa kukimbizana na kisahani cha mpira kwa magongo. Odile akasema yeye anafundisha watu kuendesha gari.

"Mimi sijui kuendesha," Régis akakiri.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Na mama yako anajua?"

Régis akacheka mpaka pua yake mbovu ikapiga filimbi. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililomharibia maisha, au lililomtengenezea. Mimi nasema lilimtengenezea. "Unajuaje mwanafunzi yuko tayari kwa mtihani?"

"Watu wanadhani ni siku asiyokosea," Odile akasema, akilamba chumvi kidoleni. "Siyo. Ni siku anayokosea na hanitazami mimi. Anatazama barabara."

Régis akaacha kutafuna. Kwa miaka alikuwa amewauliza swali hilo makocha, madaktari, hata waoka mikate, na hakuna aliyempa jibu fupi namna hiyo. Klabu ilimlipa kwa jambo moja tu: kusema kijana huyu apande kwa wachezaji wa kulipwa sasa, au asubiri. Ukimpandisha mapema anaozea benchi, anapoteza moyo, na baada ya muda unamkuta anauza matairi. Ukimchelewesha anachoka kushinda watoto na anaacha kukua. Hakuna saa inayolia.

"Nifundishe gari," akasema.

* * *

Akamfundisha. Gari lake dogo jeupe lilikuwa na kibao juu ya paa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na katika wiki ya kwanza, ile ya mwalimu ndiyo iliyofanya kazi yote.

"Régis, ile taa ilikuwa ya rangi gani?"

"Ilikuwa inafikiria."

"Ilikuwa nyekundu, mpenzi wangu. Ilikuwa imeshamaliza kufikiria."

Lile "mpenzi wangu" lilimtoka kwa mzaha. Jioni ile Régis alimpigia simu kuuliza kama anaruhusiwa kulichukua kwa uzito. Odile akamwambia ataangalia ratiba. Wakaongea mpaka simu ikawaka moto sikioni. Kwa sauti yake nzito Régis aliuliza kila kitu: kwa nini anavaa haradali, nani alimfundisha yeye gari, usiku anaota nini. Odile alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo na mwanamume. Wale waliotangulia walikuwa wakimweleza habari zao.

Siku moja walikuwa wakila viazi vya mchuzi kwenye mgahawa wa kona, Odile akasema, "Leo lazima nirudi mapema. Mdogo wangu anacheza. Wewe mtu wa hoki, utakuwa umemsikia. Loïk."

Uma wa Régis ukabaki hewani. "Loïk Tousignant?"

"Ndiye. Wamempa mechi zake tisa."

Hapa kwetu hata bibi anayeuza magazeti anajua habari hiyo. Kijana wa miaka kumi na minane huonjeshwa mechi tisa na wakubwa. Akicheza ya kumi, mkataba wake umeanza kweli, na ni nadra kurudishwa kwenye timu ya vijana. Kwa hiyo kabla ya mechi ya kumi lazima mtu aseme: abaki, au arudi.

"Odile," Régis akasema taratibu. "Mimi ndiye ninayeulizwa."

Kisha Odile akamwekea kiganja mdomoni. "Usiseme neno. Na mimi siulizi. Loïk haingii kwenye gari letu. Sawa?"

"Sawa."

Ilikuwa rahisi kusema. Lakini huyo Loïk alikuwa zaidi ya ndugu. Mama yao alipofariki, Odile ndiye aliyemfunga kamba za viatu vya barafu, ndiye aliyempeleka mazoezini alfajiri huku vioo vimeganda. Kijana alipopanda basi kwenda timu ya vijana kule Rimouski, alikuwa akimpigia kila Jumapili kuuliza shati jeupe linafuliwaje. Odile alitaka jambo moja tu duniani: mdogo wake abaki Montreal, na wakubwa.

* * *

Loïk akafunga mabao. Magazeti yakaanza kumwimba. Mechi ya nane ilipokwisha, Odile alimpigia Régis akimwambia aje mtaa wa Verdun haraka, kuna kitu cha kumwonyesha.

Akampandisha ngazi za nje za kuzunguka mpaka ghorofa ya pili, akafungua mlango. Kilikuwa chumba cheupe chenye mapazia ya buluu na kitanda kipya, kirefu, bado kimevaa nailoni.

"Nimempangia Loïk nyumba! Atatembea tu mpaka kwenye treni. Unaonaje?"

Régis hakuvuka kizingiti. Kijana wa majaribio hulala hotelini. Siku bosi atakapomwita na kumwambia "tafuta nyumba", hapo ndipo anajua amebaki, na wanaume wazima hulia wakisikia maneno hayo mawili. Kabla ya hapo hakuna anayepanga hata kabati. Hata utani haufanywi. Odile alilijua hilo tangu utotoni, ila furaha ilimpofusha.

"Ameambiwa?"

"Bado. Lakini wataacha kumwambia, kwa mabao yale? Usinitolee macho, Régis, kitanda hakirogi mtu." Kisha akamtazama sawasawa. Kazi yake ilikuwa kusoma nyuso za watu walioshika usukani. "Unajua kitu."

"Sijui kitu. Nilijitoa. Kesho yake baada ya kuniambia, nilimwendea bosi nikasema nampenda dada yake, kwa hiyo juu ya huyu asiniulize."

Odile akashika kifua. "Umemwambia bosi unanipenda? Mimi mwenyewe hujaniambia!"

"Nilikuwa nafanya mazoezi."

Akacheka, akamvuta ndani kwa lile koti lisilo na kifungo, akambusu. Wangeishia hapo, ningekuwa nawaelezea harusi sasa hivi. Lakini udadisi wa yule bwana ulikuwa umemwambukiza.

"Basi niambie mimi, si bosi. Yuko tayari?"

"Bado."

"Umejuaje?"

"Akipoteza kisahani, anainua macho jukwaani. Safu ya nane, nyuma ya benchi. Anakutafuta wewe kwanza, ndipo anarudi mchezoni. Kila mara, Odile."

Chumba kikawa baridi ghafla, au ndivyo Odile alivyohisi.

"Yale ni maneno yangu," akasema. "Nilikwambia tukila jibini, tukicheka. Umeyachukua ukaenda kumpimia mdogo wangu? Na maswali yote yale usiku, ulikuwa unanipenda au ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa nakupenda. Wallahi, Odile."

"Basi jibu hili. Kama unaamini hayuko tayari, mbona umenyamaza?"

"Nilijitoa kwa ajili yako..."

"Ulijitoa ili mikono yako ionekane safi! Mtoto unamwona anazama, na wewe umekaa ukingoni unasema si zamu yako?" Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakujali. "Toka. Na ngazi zina barafu, shika chuma."

Régis akashika chuma, akashuka.

* * *

Mechi ya tisa Odile hakukaa safu ya nane. Alikuwa na hasira bado, lakini zaidi ya hasira alitaka kujua. Aliliacha koti la haradali nyumbani, akaazima jaketi jeusi la jirani, akapanda mpaka viti vya juu kabisa, huku akiombea Régis awe mwongo.

Kipindi cha pili Loïk alinyang'anywa kisahani. Kichwa chake kikainuka. Safu ya nane, kiti kitupu. Akatazama kulia kwake, kushoto kwake. Alikuwa bado anatafuta wakati nyavu za timu yake zilipotikisika na uwanja mzima ukaguna. Odile alijiona ameunyoosha mguu wa kulia na kuukandamiza sakafuni, kama anakanyaga breki ya mwalimu.

Akatoa simu. "Uko wapi?"

"Huku juu, na waandishi," Régis akasema.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nenda kwa bosi ukaseme."

"Sasa hivi? Wote wanajua umenifukuza. Watasema nalipiza kisasi kwa kumtolea hasira kijana wa watu."

Hapo ndipo mapenzi yote mawili ya Odile yalipogongana, na lazima aliumize moja. "Basi nakuja. Utaniambia mlango ni upi. Tutasema wote."

Bosi aliwasikiliza koridoni akiwa na soseji ndani ya mkate mkononi, na soseji ikapoa. Mwishowe akasema hata yeye alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya jambo hilo, akaagiza kijana aitwe. Loïk akaja na nywele mbichi, uso unang'aa, amejiandaa kusikia yale maneno mawili. Akasikia mengine. Akamtazama Odile.

"Dada, hata wewe?"

"Hasa mimi."

Akapanda basi la Rimouski bila kumuaga. Jumapili ikaja, simu haikulia. Jumapili nyingine pia. Odile akauvunja mkataba wa nyumba yake ya zamani, akahamia Verdun, akalala kwenye kitanda kile kirefu huku miguu yake haifiki mwisho.

Régis hakumsumbua kwa maneno. Alikuja kwa masomo yake ya gari kama kawaida, akaleta jibini la siku hiyo, akajifunza kuegesha kwenye theluji.

"Umenisamehe?" akauliza siku moja, mwezi wa pili.

"Uko mafunzoni bado. Geuza usukani."

* * *

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Régis akiwa na leseni mpya mfukoni, wakaenda Rimouski kwa gari jeupe. Hawakumwambia mtu. Wakajibanza nyuma ya nguzo, na Odile, kwa kusahau, alikuwa amevaa haradali.

Loïk alikuwa amepanuka mabega. Mwanzoni tu mwa kipindi cha tatu alipoteza kisahani vibaya, kosa la aibu. Odile akakamata mkono wa Régis. Kijana akainamisha kichwa, akageuka, akamfukuza mwizi wake barafu nzima mpaka akakipata tena. Hakuinua macho hata mara moja.

"Hanitafuti tena," Odile akasema, na akalia kwa sauti, furaha na uchungu vikitoka kwenye tundu moja. Régis hakumuuliza kitu. Alimpa skafu yake apengee.

Baadaye Loïk akatokea mlango wa nyuma na begi begani. Akasimama mbele yao.

"Dada, nilikuona tangu wimbo wa taifa. Hilo koti linaonekana mpaka mwezini."

"Mbona hukunitazama?"

"Nilikuwa na kazi." Akatabasamu, na Odile akamwona mtoto wake tena, kwa muda mfupi tu. "Nilisikia ulininunulia kitanda. Bado kipo?"

"Kipo. Ila mpaka uambiwe."

"Mpaka niambiwe," Loïk akasema, akamkumbatia mpaka buti nyekundu zikaacha ardhi. Kisha akamnong'oneza, "Na shati jeupe nimejua kulifua."

Wakati wa kurudi Régis ndiye aliyeendesha, mto mpana upande mmoja, mashamba yenye matope upande mwingine. Akaingia kona kwa kasi, gurudumu likala changarawe, akalirudisha barabarani, macho mbele, jasho kwenye paji.

"Umeona?" akasema akijisifu, bado anatazama mbele. "Nimekosea na sikukutazama."

"Nimeona." Odile alikuwa akitazama nje, akivua glovu taratibu, kidole baada ya kidole. "Régis. Kile chumba unachokaa kwa shangazi yako."

"Kina nini?"

"Kirudishe. Nyumba umepata."

Régis akamgeukia, uso mzima, mdomo wazi, asiamini masikio yake.

"Barabara!" Odile akapiga kelele, akaikandamiza breki yake kwa mguu wote. Gari likasimama kimshazari, pua yake inchi chache kutoka kwenye uzio wa mtu, na ng'ombe mmoja akaja kuwaangalia. Wote wawili walikuwa wanahema.

"Hujawa tayari hata kidogo," Odile akasema, akimshika yale mashavu yake yaliyopauka. "Hamia hivyo hivyo."