Felista Amebaki Ukutani

Nina miaka themanini na kitu, ndugu wasomaji, na shule niliishia darasa la pili. Mnisamehe mwandiko. Hili nimelibeba tangu miaka ya sabini...

Mimi na mke wangu tulikaa Karema, kando ya ziwa. Mtoto wetu Felista alikufa kwa surua, ana miaka minne. Hata picha hatukuwa nayo! Mpiga picha alikuwa Mpanda, na barabara ile nyie vijana hamuijui... basi niiache.

Mwaka uliofuata akaja Bwana Idrisa, msomi wa mawe. Akanichukua nimbebee mifuko ya udongo mweupe. Alisema kale ziwa lilifika huko mlimani, na udongo ule ni magamba ya vijidudu vya majini. Tukamcheka! Mpaka nilipoweka jicho kwenye hadubini... Mama yangu! Vitu kama matenga ya kioo, vimesukwa kuliko kazi ya mkono wa mtu.

Siku moja akaruka kitini. "Baba Felista! Huyu hajawahi kuandikwa na yeyote duniani. Nimpe jina gani?"

Nikasema, Felista. Akaliandika daftarini palepale.

Mke wangu akalia. "Kwa hiyo watamsoma hata Ulaya?"

"Hata Ulaya, mama," akajibu Bwana Idrisa.

Lakini mfuko mzima umetoa mmoja tu, na mmoja hatoshi, akasema. Lazima apate wengine palepale alipotoka, la sivyo wakubwa zake hawatamkubali. Akasoma karatasi ya mfuko: mlimani, genge la juu, pale penye mteremko mkali.

Moyo ukanipasuka! Udongo wa genge nilikuwa nimeumwaga njiani kwa uvivu, nikapita kilabuni, kisha nikajaza mfuko kwa udongo wa shimo la nyuma ya nyumba yangu. Mweupe si mweupe? Nani angejua?

Siku tisa tulichimba genge lile. Nashika sururu, najua hakuna kitu... Ningesemaje? Siku ya kumi, Bwana Idrisa anafunga mizigo, nikapiga magoti nikamwambia. Hakunitukana. Alisema tu, "Twende shimoni, haraka!"

Tukakuta mwamba mtupu! Ilikuwa wiki ya Pasaka. Mke wangu na wenzake walikuwa wameukomba udongo wote, wakautwanga kwenye kinu, wakapaka nyumba zao.

Bwana Idrisa akakwangua ukuta wangu, akachungulia hadi jua likazama. Vipande vitupu. Akalikata lile jina kwa mstari mmoja, taratibu, akaniomba radhi... yeye, aniombe mimi!

Mke wangu aliniuliza swali moja. "Siku zote tisa ulikuwa unajua?" Hakurudia tena mpaka anaingia kaburini.

Ndugu zangu, ukiaminiwa mfuko, peleka kile kilichoandikwa juu yake. Na ukikosea, sema siku ileile, usingoje ya kumi! Mimi ukuta ule sijaupaka tena. Kila masika mvua inaukwangua kidogo, weupe unateremka kuelekea ziwani, nami nimekaa naangalia... Nifanye nini?