Jogoo wa Dua

Soko la kuku la Singida siku ya Jumamosi halina adabu: matenga yamezagaa, kelele tupu, manyoya hadi puani. Hapo ndipo Kauthar, mtandio wa zambarau begani, alipomwagiza Hussein, muuza kuku, jogoo wa dua ya arobaini ya marehemu baba yake. Alimchagua mkubwa kuliko wote, akaomba achinjwe na kunyonyolewa, kisha akaenda kutafuta mchele. Hussein alimsindikiza kwa macho, moyo umeshakwenda.

Alipogeuka, jogoo alikuwa amekufa kwa joto ndani ya tenga. Angesema tu, akachaguliwa mwingine, yakaisha. Lakini alitaka kumpendeza binti, na wapendao hawana akili. Akapitisha kisu kwenye shingo ya mzoga, akanyonyoa harakaharaka. Kibudu, nyama ya haramu, kikaenda kuliwa kwenye dua.

Kauthar alipokuja kuchukua nyama walipeana namba, na mapenzi yakaota kwenye simu. Kauthar alimtania kwamba ananuka manyoya hata hewani. Hussein akamwita malkia wake. Hadi jioni moja Kauthar alipomwambia, "Mama anakuombea kila swala, mpenzi. Anasema jogoo wako alimsitiri mbele ya wageni."

Tangu siku hiyo Hussein hakupokea simu. Kauthar akaamini kuna mwingine, akalia wiki nzima, kisha akamfuata kando ya ziwa Singidani, kwenye yale mawe makubwa yaliyobebana ambayo ukiyatazama unajiona mdogo.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Si mtu. Ni jogoo," Hussein akasema, akamweleza yote.

Kauthar aliuvuta mtandio kichwani. "Twende ukamwambie mama," akasema.

Bi Maryam, mama yake Kauthar, aliitikia shikamoo, akasikiliza hadi mwisho. Hussein alijua amemkosa Kauthar.

"Sisi tulikula bila kujua. Hilo tunamwachia Mungu," Bi Maryam akasema. "Lakini mwanangu, ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi, mama. Na Yeye."

 Kauthar alimtazama kama aliyekuwa hajawahi kumwona. Alistaajabu kwamba mtu anaweza kuitupa bahati yake kwa mkono wake, ili tu aseme kweli.

Bi Maryam alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Dua ya mumewe, akasema, itasomwa upya, na safari hii mjomba wake Kauthar ndiye atakayechinja. Hussein akainamisha kichwa, akainuka aondoke.

"Sijamaliza," Bi Maryam akasema. "Ijumaa tuma mshenga. Na jogoo atakayekuja naye, nataka nimsikie akiwika."